Nani Aliona, Nani Aliambiwa? Habari za Ndege za Vita na Ukweli Wake

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wakazi wa kambi ya Gorom, nje ya Juba, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni 2025)



Kamati iliponiomba niseme machache siku ya leo ilinipa mada ya Elimu na Amani. Ni mada nzuri, na kila mwaka yuko anayeisema. Kwa ruhusa ya Mwenyekiti nimeomba nizungumzie jambo jingine ambalo tangu mwezi wa Machi limekuwa likitugombanisha bombani, sokoni, na hata ndani ya nyumba za ibada. Nalo ni habari za ndege zinazoangusha mabomu, na nani wa kuaminiwa anapotuletea habari hizo.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Habari zilipofika kwamba soko la Tora, huko Darfur Kaskazini, limepigwa na ndege tarehe 24 Machi, ndugu zetu waliotoka Sudan waligawanyika hapa hapa kambini. Mmoja alisema wamekufa mamia ya raia waliokwenda kununua na kuuza. Mwingine akajibu kwamba huo ni uongo wa RSF, jeshi halipigi soko. Hao wawili walioshikana mashati bombani walikuwa wamekula sahani moja usiku uliotangulia. Na hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa Tora.

Wiki hiyo hiyo yakatokea mapigano ya Wunaliet, magharibi ya Juba, upande wetu huu. Milio tuliisikia sote. Upande wa upinzani ulisema kambi zake zimeshambuliwa. Hayo yalikuwa mambo mazito ya kutosha, lakini sisi hatukuridhika nayo. Kabla jua halijatua, kambini palikuwa na habari nyingine tatu: kwamba helikopta zinakuja kupiga Gorom kwa kuwa wapiganaji wamejificha kwetu, kwamba tumepewa saa 24 tuhame, na kwamba barabara ya Juba imefungwa. Watu walibeba magodoro na sufuria wakaingia porini. Mama mmoja mjamzito alijifungua chini ya mti, na mtoto, tunamshukuru Mungu, ni mzima. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari aliacha dawa zake nyumbani, na leo hatunaye. Hakuna bomu lililoanguka Gorom usiku ule.

Simlaumu aliyekimbia. Mtu aliyekwisha kuona ndege ikiua hawezi kukaa kungoja uthibitisho. Ninachouliza ni namna gani milio ya Wunaliet iligeuka ikawa amri ya saa 24, na ni nani aliyeitamka kwanza. Nimeuliza nyumba kwa nyumba katika mtaa wetu. Kila mmoja alinijibu: wanasema. Nikauliza, ni akina nani wanaosema? Watu. Ndugu zetu wa Sudan wana neno lao la Kiarabu, "galu", lenye maana hiyo hiyo. Ni neno la ajabu, kwa sababu lina mdomo lakini halina mwenyewe.

Shule ilipofunguliwa tena nilifanya jaribio na darasa la 6. Asubuhi moja helikopta ilipita juu ya kambi, nadhani ikielekea uwanja wa ndege wa Juba. Baada ya mapumziko niliwapa wanafunzi 34 kipande cha karatasi kila mmoja, nikawaambia waandike walichokiona, bila kuzungumza na jirani. Zilipokusanywa nilikuta helikopta moja, helikopta mbili, na kwa mwanafunzi mmoja helikopta nne. Wengine waliandika nyeupe, wengine rangi ya majani makavu. Wanne waliona bunduki imechomoza mlangoni. Msichana mmoja aliandika mstari mmoja tu: Sikuona, nilikuwa ndani nikifagia, nilisikia sauti. Nilimpa alama zote. Wenzake walilalamika kwamba hakuandika kitu, na hapo ndipo somo lilipoanzia.

Watoto wale hawakuwa waongo. Jambo hili nataka wageni wetu walisikie vizuri, maana mara nyingi ofisini mtu akikosea idadi ya ndege huonekana amebuni shambulio zima. Macho ya mtu anayeogopa huona sehemu, na akili hujaza sehemu iliyobaki. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo wanafunzi wote 34 walikubaliana: ndege ilipita, saa za asubuhi. Kila ushahidi una kiini na maganda yake, na kazi ya mwenye kusikiliza ni kuvitenganisha. Akitupa vyote amewadhulumu walioona, na akimeza vyote siku moja atapata aibu.

Nchi hii inayotuhifadhi imepitia somo hilo kwa gharama kubwa, na kwa kuwa wengi wetu ni wageni hapa, napenda niwasimulie kidogo. Katika vita vya mwaka 1983 hadi 2005 Juba ilikuwa mikononi mwa serikali ya Khartoum, na vijiji vingi vilivyoizunguka vilikuwa mikononi mwa SPLA. Mwandishi wa habari hakuweza kutoka mjini akaenda kuona na kurudi. Habari za upande wa pili zilipitia Nairobi na Lokichoggio, zikaletwa na wafanyakazi wa misaada kwa simu za upepo, na mwishowe zikasikika katika redio za ng'ambo. Ndege za Umoja wa Mataifa chini ya mpango wa Operation Lifeline Sudan, ulioanzishwa mwaka 1989, ziliruka kwa kibali cha serikali ile ile iliyolalamikiwa kwa kupiga mabomu. Kwa hiyo shirika lililoona mambo lilipaswa kupima: likisema, je, ndege ya mahindi itaruhusiwa mwezi ujao? Na tusisahau kwamba SPLA nayo iliupiga mji wa Juba kwa mizinga na kuua raia, jambo ambalo redio yake haikulitangaza kwa furaha ile ile.

Ndege iliyotisha zaidi iliitwa Antonov. Hii ni ndege ya mizigo iliyoundwa na Wasovieti. Haikutengenezwa kwa kulenga shabaha. Mabomu yalisukumwa kwa mikono kupitia mlango wa nyuma, ndege ikiwa juu sana, yakaanguka yalipoangukia. Watoto wa vijijini walijifunza kuutambua mlio wake kabla ya kujifunza kusoma, na shule nyingi zilikuwa na mahandaki kando ya ubao. Ukiyajua hayo, utajua namna ya kuipima kauli ya mkubwa anayesema kwamba walilenga kambi ya jeshi peke yake.

Sasa nisimulie habari ya Kauda, na mtaniwia radhi nikikaa hapo, kwa sababu ni habari ya shule.

Tarehe 8 Februari 2000, katika Milima ya Nuba, Antonov iliangusha mabomu kwenye shule ya Holy Cross iliyokuwa chini ya Jimbo Katoliki la El Obeid. Watoto walikuwa wakisoma nje chini ya miti, kama sisi tulivyofanya hapa kabla ya kupata mahema. Taarifa za kwanza zilitaja watoto 14 na mwalimu wao mmoja. Baadaye idadi ilipanda, kwa kuwa baadhi ya majeruhi walikufa siku zilizofuata.

Jambo kama hilo lilikuwa limekwisha kutokea mara nyingi, na mara nyingi likakanushwa. Tofauti ya Kauda ni kwamba kijana mmoja mwenye kamera ya video alifika mara baada ya mabomu kuanguka, akapiga picha za watoto, madaftari yao na damu chini ya miti. Mkanda ulifika Nairobi. Waandishi walipomwuliza ofisa wa ubalozi wa Sudan huko, hakusema kwamba shule haikupigwa. Alisema kwamba mabomu yaliangukia pale yalipokusudiwa, yaani kambi ya jeshi.

Tazameni hapo, ndugu zangu. Kwa mkanda ule, swali la kwanza, yaani kama mabomu yalianguka, lilikwisha. Lililobaki ni pale ni mahali gani: ni shule au ni kambi? Na hilo nalo mtu aliweza kulitazama kwa macho yake, maana madaftari yalionekana. Uongo haukufa, lakini ulisukumwa ukutani mpaka ukakosa nafasi ya kugeuka. Hata suala la idadi, ambalo wakanaji hulipenda sana wakisema, mnaona, juzi walisema 14 na leo wanaongeza, lilikuwa na jibu la kawaida kabisa ambalo kila muuguzi analijua: si kila majeruhi hufa siku ile ile.

Habari ya Kauda hupendwa na wazungumzaji kwa sababu ndani yake mnyonge alikuwa na ushahidi. Miezi kadhaa kabla yake ilitokea nyingine ambayo haipendwi, na ilitokea karibu zaidi na hapa. Julai 1999 ndege zilipiga Lainya na Kaya. Lainya ni pale kwenye barabara ya kutoka Juba kwenda Yei. Shirika la Norwegian People's Aid lilieleza kwamba baada ya mabomu watu walitapika damu, wanawake wajawazito waliharibikiwa mimba, na wanyama walikufa. Wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa waliokwenda kutazama nao waliugua. Habari ikaenea ulimwenguni kwamba Khartoum imetumia silaha za kemikali.

Sampuli zilichukuliwa, zikapelekwa kwenye maabara za Uingereza, Finland na Marekani. Kemikali ya vita haikupatikana.

Ni nini basi tunachoweza kusema juu ya Lainya? Tunaweza kusema kwamba ndege zilikuja na mabomu yalianguka, kwa maana mashimo yalikuwepo. Tunaweza kusema kwamba watu waliugua. Hatuwezi kusema kwamba ilikuwa silaha ya kemikali, kwa sababu waliopewa kazi ya kuthibitisha hawakuthibitisha. Sampuli ikichelewa au ikihifadhiwa vibaya hupoteza nguvu, hilo ni kweli, lakini kukosa ushahidi kwa sababu nzuri bado ni kukosa ushahidi. Waliolipia ni wakazi wa Lainya wenyewe. Watetezi wa serikali ya Khartoum walilishika jibu la maabara wakalipeperusha kama bendera, kana kwamba kwa kuwa kemikali haikuonekana, basi na mabomu hayakuwapo. Yaliyokuwa ya kweli yakabebwa na maji pamoja na yasiyothibitika.

Wengine watasema kwamba hayo ni makosa ya watu wa porini wasio na vyombo. Sivyo. Mwaka mmoja kabla ya Lainya, tarehe 20 Agosti 1998, Marekani, yenye vyombo vya kila aina, ilirusha makombora na kubomoa kiwanda cha dawa cha al-Shifa, Khartoum Kaskazini. Ilikuwa siku 13 tu baada ya balozi zake za Nairobi na Dar es Salaam kulipuliwa, ambapo walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa wakipita njia au wakifanya kazi katika majengo ya jirani. Hasira ilikuwa ya haki. Ushahidi uliotolewa dhidi ya kiwanda ulikuwa udongo kidogo, uliosemekana kuwa na chembe za kemikali inayotumika kutengenezea sumu ya vita. Waandishi walipochunguza walikuta kiwanda cha vidonge na dawa za mifugo. Mwaka uliofuata Marekani iliachilia fedha za mwenye kiwanda ilizokuwa imezizuia, na mpaka leo haijaonyesha ushahidi uliowaridhisha wachunguzi. Kwa hiyo udongo wa al-Shifa uliaminiwa kabla ya kupimwa vya kutosha, na udongo wa Lainya ulipimwa ukakosa kuaminiwa. Mkubwa na mnyonge huvutwa na kamba moja: kila mmoja huamini haraka lile linalomkuta tayari na hasira.

Wakati mwingine shahidi anayeaminiwa huwa yupo pale pale kwa bahati. Februari 2002 helikopta ya kivita iliwapiga watu waliokusanyika kupokea chakula cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huko Bieh, Upper Nile. Wafanyakazi wa Shirika waliona kwa macho yao. Marekani ilisimamisha mazungumzo yake na Khartoum, Khartoum ikaeleza masikitiko, na mwezi uliofuata ukatiwa saini mkataba wa kutowashambulia raia, pamoja na timu ya kigeni ya kuchunguza malalamiko. Wanavijiji walikuwa wamesema mambo hayo hayo kwa miaka mingi. Mimi sifurahii kwamba maneno yao yalingoja mgeni mwenye fulana ya shirika ndipo yawe habari, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilisikia kijana mmoja akisema juzi kwamba hayo ni ya kale, leo kila mtu ana simu yenye kamera, uongo umepata dawa. Kijana, kaa kidogo nikukumbushe Juba ya Julai 2016. Jioni ya tarehe 8, Rais na Makamu wake wa Kwanza walikuwa pamoja ndani ya Ikulu, mbele ya waandishi wa habari. Nje milio ilianza. Wakati huo huo ujumbe wa Facebook juu ya kukamatwa kwa Makamu huyo, ulioandikwa na msemaji wake aliyekuwa nje ya nchi, ulikuwa ukipita simu kwa simu mjini. Hakuwa amekamatwa. Wasomi wanabishana mpaka leo kama ujumbe ule ulianzisha moto au uliumwagia mafuta tu. Siku zilizofuata helikopta za kivita zilipiga maeneo ya Jebel, watu walikufa kwa mamia, na maelfu walikimbilia kwenye ngome za Umoja wa Mataifa. Msemaji yule baadaye alirudishwa kutoka Kenya, akahukumiwa kunyongwa mwaka 2018, na mwaka huo huo akasamehewa.

Na mwaka huu? Mwezi wa Machi mkuu wa majeshi ya Uganda alitangaza kwamba askari wake wameingia Juba. Serikali hapa ikakana. Siku chache baadaye ikakubali kwamba wapo. Kwa hiyo mwananchi aliyemwamini msemaji rasmi alikuwa nyuma ya mwananchi aliyeamini uvumi. Katika hali hiyo utamlaumu vipi mtu akiuacha mlango wa ofisi na kwenda kusikiliza chini ya mwembe? Ofisi inayokana jambo ambalo kila mtu amelipita barabarani, huku askari wamesimama, hufundisha watu kwamba hata itakaposema kweli wasiisikilize. Naomba wenzetu wa ofisini walifikirie hilo, pamoja na wa ofisi ndogo kama za hapa kambini. Mgawo ukipunguzwa, tuambieni umepunguzwa. Tusijue kwa kupima wenyewe kwa kikombe.

Yakatokea ya Nasir, ambapo Waziri wa Habari alikiri kwamba jeshi la anga lilipiga. Hapo mabishano yalihamia kwenye aina ya silaha, maana Human Rights Watch lilieleza kuwa zilitumika silaha za kuchoma moto za kutengenezwa kienyeji. Kisha, alfajiri ya tarehe 3 Mei, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka katika mji wa Old Fangak ilipigwa kutoka angani, ghala la dawa likateketea. Madaktari walieleza kwamba walikufa watu wasiopungua 7. Ndiyo iliyokuwa hospitali pekee ya kaunti ile, na ramani ya mahali ilipo ilikuwa mikononi mwa pande zote.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini nisiitilie shaka na taarifa hii kama nilivyoitilia ile ya Lainya? Naitilia, kwa kipimo kile kile. Wanaosema ni watu waliokuwepo usiku ule, wametaja saa, wametaja jengo lililoungua, wameonyesha picha za majivu, na wametia jina la shirika lao chini yake, wakijua kwamba wanaweza kufukuzwa kesho. Hawakusema zaidi ya walichokiona. Hizo kwangu ni sababu nzito za kuamini, nzito kuliko cheo cha mtu yeyote.

Liko jambo jingine ambalo nimelisitasitia, lakini nitalisema. Yako matukio ambayo habari yake ni ya kweli kabisa, na bado ikaua wasiohusika. Januari mwaka huu zilienea video za raia wa Sudan Kusini wakiuawa katika jimbo la Al Jazira, baada ya jeshi kuurudisha mji wa Wad Madani. Watu waliuawa kweli. Lakini usiku wa tarehe 16 Januari, hapa Juba, makundi ya vijana yaliyojazwa video zile yaliingia kwenye maduka ya Wasudani, yakapora na kuua. Wenye maduka hawakuwa wamemwua mtu Madani, na wapo waliokimbia vita vile vile. Serikali iliweka amri ya kutotembea usiku, kisha ikafunga Facebook na TikTok kwa siku chache. Baadhi ya waliookoka usiku ule wamekaa nasi hapa leo. Mimi sina dawa ya jambo hilo. Najua tu kwamba swali la "ni kweli?" halitoshi peke yake, na kwamba aliyempelekea jirani yake video ile mara ya ishirini hakuwa akimpa habari tena.

Nije kwenye shauri langu, kwa sababu Mwenyekiti ameanza kutazama saa.

Kamati imekubali kwamba tuwe na daftari la ushuhuda. Ni daftari kubwa la kawaida, lenye mistari. Kila anayetaka kueleza shambulio lililompata, liwe la Nyala, la Khartoum, la Kivu, la Gambella au la Nasir, ataandikiwa kwa lugha yake. Kila ukurasa umegawanywa kwa kalamu na rula: upande wa kushoto ni niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, upande wa kulia ni niliyoambiwa, na jina la aliyeniambia. Yaliyo ya kulia si takataka. Mama aliyeambiwa na mwanawe namna mumewe alivyokufa anayo haki ya kuandikiwa. Lakini yasivuke mstari. Na neno "wanasema" halitaandikwa upande wowote.

Idadi itaandikwa pamoja na namna ilivyopatikana. Aliyezika watu 9 aseme alizika 9. Aliyeona rundo asitaje namba, aseme aliona rundo.

Kwa wageni wetu wa mashirika nina ombi moja, na nalisema kwa heshima. Mmekuwa mkimhoji mtu mmoja mara nne, mara tano, kila shirika kwa fomu yake. Kufikia mara ya tatu shahidi amekwisha kujua ni jibu gani linalofanya kalamu iandike kwa haraka, na ni jibu gani linalofanya mhoji atazame simu yake. Mtu mwenye njaa hujifunza upesi. Kisha maelezo yake ya mara ya tano yasipolingana na ya kwanza, mnaandika kwamba haaminiki. Someni daftari kwanza, ndipo mwulize yaliyobaki.

Limebaki suala ambalo wazee wameligawanyikia, na mimi pia sijaona njia iliyo wazi. Ni majina. Ushuhuda usio na jina hauna uzito, kama nilivyosema juu ya Old Fangak. Lakini shirika likifukuzwa hupanda ndege, sisi tukifukuzwa tutakwenda wapi? Wapo miongoni mwetu wenye mama na watoto bado upande wa pili wa mpaka, na daftari ni kitu kinachoweza kuibwa. Baadhi ya wazee wanataka namba badala ya majina, na orodha ya majina ikae mahali pengine chini ya kufuli, mikononi mwa watu wawili wasiotoka jamii moja. Akina mama wa mtaa wa juu wamesema waziwazi kwamba hawataki majina yaandikwe popote. Nimewasikia.

Mkutano wa kulikata shauri hilo ni Jumamosi, saa 3 asubuhi, katika darasa la 4, kwa kuwa lile la 6 paa lake linavuja. Mkalimani wa Kiarabu atakuwepo, na tunamtafuta wa Kianuak. Mpaka siku hiyo daftari litakaa tupu.